Jina la Baba Mkwe

Sehemu ya tisa

Mlionisindikiza tangu mwanzo mnajua niliwaachia wapi: nje ya chumba cha mikutano, ghorofa ya nne, nimevaa nguo zangu nyeusi za ujane, nasubiri kuitwa ndani nijitetee. Kwa aliyenikuta njiani leo, haya machache yatamtosha.

Naitwa Nomkhosi. Nimezaliwa kwa akina Ngubane, kwa hiyo ukweni huniita MaNgubane. Mume wangu, Mthunzi Zondi, tulimzika wakati binti yetu Asanda ana wiki sita. Nyumba ya Inanda tukabaki watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu, MaMbatha. Mimi wa kwenda kazini, yeye wa kulea.

Kazi yangu ni ya simu, hapa Durban, katika kampuni ya bima ya mazishi. Mtu akifiwa anapiga, mimi napokea.

Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa. Jina lake silitamki, wala neno lolote lililobeba jina hilo ndani yake. Ndivyo mke wa Kizulu anavyowaheshimu wakwe zake, wawe hai au wawe chini ya udongo. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, kwa hiyo hata neno lenu nalikwepa. Mkilikuta humu, ama limo kinywani mwa mtu mwingine, ama mhariri amelijaza kwa kalamu yake. Mimi nimemwachia nafasi wazi.

Sasa, kampuni ikatupa sentensi ya lazima ya kumwambia kila mfiwa. Maneno matatu. La kwanza ni hilo hilo nisilolitamka.

Mimi nikawa nasema, "Alale salama." Wafiwa walinishukuru. Mashine haikunishukuru.

Mashine hiyo inasikiliza kila simu na kutoa alama. Sisi wafanyakazi tuliibatiza Mama Mkwe, maana inasikia kila kitu na hairidhiki na lolote. Kila nilipoikosa sentensi, Mama Mkwe alinikata alama mbili. Alama zikishuka chini ya themanini, zile dakika kumi na tano za asubuhi za kutoka mezani unanyang'anywa. Zangu zilishuka mpaka arobaini na moja.

Basi. Mlango ukafunguliwa.

"Ingia, Ndege," akasema Lindani Shange.

Huyo ndiye msimamizi wetu wa ubora, kijana wa Empangeni mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Ndege ni jina alilonipa yeye. Wenzangu wakitaka kutoka mezani hutaja neno la kawaida. Mimi husema, "Naomba kutua." Siku ya kwanza aliyosikia hivyo alicheka mpaka akashika meza. "Kutua? Umetoka angani?" Tangu hapo nikawa Ndege.

Ndani alikaa Bi Govender, mwanasheria wa kukodiwa, ndiye mwenyekiti. Kando yangu alikaa Sakhile Cele wa chama cha wafanyakazi, na lile daftari lake la sheria lililochakaa kama kitabu cha nyimbo za kanisani.

Na pembeni, karibu na dirisha, ameketi mama mkwe wangu wa kweli. Kofia ya kanisa kichwani, mkoba mapajani. Asanda alimwacha kwa jirani.

Sikumwomba aje. Alipanda gari mwenyewe asubuhi ile, akasema, "Watu wanasema mkamwana wangu mwongo. Nitakwenda kuwatazama usoni."

Nilimbusu mkono. Mngejua nilichokuwa nimekificha, mngeliona busu hilo kuwa la mnafiki.

Lindani akasoma mashtaka. La kwanza, kukaidi sentensi ya kampuni mara mia mbili na kumi na nne. La pili, kudanganya kuwa mila inamzuia.

"Mila!" akasema, akiweka karatasi chini. "Mwenyekiti, mimi mwenyewe Mzulu. Hayo yamebaki kwa bibi zetu. Mke wangu anamtaja baba yangu kwa jina, tena kwenye simu, tena kwa sauti."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyo hukumwoa, mwanangu," akasema. "Umemwajiri."

Sakhile akacheka puani. Hata Bi Govender akainamia karatasi zake.

"Mama MaMbatha," akasema Bi Govender alipotulia, "wewe ni shahidi. Nisaidie. Neno lenyewe ni lipi?"

Mama akanitazama. Nami nikatazama sakafu.

"Ni lile neno," akasema Mama.

"Lipi?"

"La mtu aliyetoka shambani, akakaa chini."

"Kuketi?"

"Hapana. Akishakaa, anafanya nini?"

"Anakula?"

"Kabla ya kula, mama."

Bi Govender akashika kalamu bila kuandika. "Bi Nomkhosi, wewe je? Litaje basi, liingie kwenye kumbukumbu."

"Siwezi, mwenyekiti. Ndiyo maana niko hapa."

"Ni kupumzika," akasema Sakhile, akituokoa. "Sentensi ni 'Apumzike kwa amani.' Na mzee wa nyumba ile, baba mkwe wake, aliitwa Mphumuzi. Kwa Kizulu kupumzika ni kuphumula. Neno limo tumboni mwa jina."

Mama aliposikia jina lile aliinamisha kichwa, kofia ikamfunika macho. Nami nikainamisha. Hatukupanga. Bi Govender alituona wote wawili, nikaona ameandika jambo.

Moyo wangu ukapata nguvu kidogo.

"Mama," akauliza Bi Govender, "hata wewe hulitaji? Alikuwa mumeo."

"Mimi nilimwita Baba Mthunzi. Kabla ya Mthunzi kuzaliwa nilimwita Wewe."

"Miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja. Na tisa tangu alale."

"Na huyu mkamwana wako umewahi kumsikia akilitaja?"

Mama alinyooka kitini. "Huyu? Mtoto akichoka, huyu humwambia, 'Njoo utue, mwanangu.' Akinikuta nimesimama jikoni, huniambia, 'Mama, weka miguu juu.' Nimeletewa wakamwana wengi wa ukoo mle ndani. Huyu ndiye aliyemheshimu mzee wangu. Mwanangu amekufa, angeweza kutuacha, hakutuacha. Mzee wangu alikuwa mtu wa heshima, na huyu amemlindia heshima yake."

Niliona aibu ikinipanda shingoni kama joto la sufuria.

Hapa ndipo ungamo langu lilipo. Wiki nane nimewaandikia, na wiki nane hili nimewaficha.

Siku ya pili baada ya kumzika Mthunzi, mimi na Mama tulikuwa uani tukifua mablanketi ya wageni. Blanketi likilowa ni zito, lazima mshike wawili, huyu akamue upande huu na yule upande ule. Mama akaniachia upande wake.

"Kamua peke yako, MaNgubane. Huu mkono wa kushoto haukamui."

"Umeumia, Mama?"

Akatazama huku na huku kama anayevuka barabara.

"Baba Mthunzi ndiye aliyeuvunja. Mara mbili. Mthunzi alikuwa mgongoni mwangu mara ya pili." Akalichukua blanketi, akalitundika kwa mkono mmoja. "Umesikia wewe na blanketi hili. Lisitoke hapa."

Nikasema halitatoka.

Lilitoka.

"Mwenyekiti," akasema Lindani, na sauti yake ilikuwa na raha ambayo mpaka leo sijamsamehe, "shahidi amesema vizuri sana. Kampuni inaomba kuwasikilizisha kumbukumbu moja ya sauti."

"Ya simu ya mteja?"

"Ya mfanyakazi mwenyewe."

Sakhile akanigeukia, akaninong'oneza, "Kuna kitu hujaniambia, dada?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikamgeukia mwenyekiti.

"Mama angetoka kwanza," nikasema.

"Shahidi hatoki," akajibu Lindani. "Si amekuja kututazama usoni?"

Akabonyeza.

Kwanza ulisikika mlio wa pampu. Shwii, shwii. Nikaujua papo hapo: pampu yangu ya kukamulia maziwa. Halafu sauti ya rafiki yangu Zinhle, aliyekuwa akinilindia mlango wa stoo.

"Usilie hivyo, maziwa yatakata."

Halafu mimi. Haya yanayofuata mhariri ndiye aliyeyajaza.

"Acha yakate! Wameninyima dakika zangu kwa ajili ya maiti! Sijaenda hata chooni tangu asubuhi, kwa ajili ya maiti! Mphumuzi! Unasikia? Mphumuzi, Mphumuzi, Mphumuzi! Haya, mbingu imeanguka?"

"Nomkhosi, nyamaza, watu watasikia."

"Wasikie! Mpumzishaji! Alimpumzisha nani yule? Alimvunja mkewe mkono mara mbili, mtoto akiwa mgongoni, mpaka leo hawezi kukamua blanketi. Na bibi mwenyewe bado anamwinamia! Mjinga yule bibi. Mjinga, na mimi amenifanya mjinga kama yeye."

Shwii, shwii.

Lindani akazima.

Nilimtazama Mama, kwa maana kutomtazama kungekuwa vibaya zaidi. Hakuwa amebadilika uso. Ila mkono wa kushoto, uliokuwa juu ya mkoba, aliushusha taratibu akauficha chini yake.

Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Mtaniuliza, kwa nini nilisema? Sina jibu la kujitakasa. Nilikuwa nimekaa kitini kwa muda wa saa nne bila kunyanyuka, nguo imelowa maziwa kifuani, nimetoka kuwapa pole wafiwa ishirini na sita, nami mfiwa. Nilitaka kumtukana mtu. Lindani angenisikia. Mama Mkwe wa mashine angenisikia. Nikamtukana mfu na mjane wake, nikidhani hao hawasikii.

"Ndiyo mila hiyo," akasema Lindani. "Kwenye simu za kampuni hawezi. Stooni anaweza mara nne."

Ndipo Sakhile akafunga daftari lake. Polepole.

"Bosi, hiyo mmeinasa lini?"

"Tarehe tisa Aprili. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi."

"Na kwenye orodha yenu ya mahudhurio, saa hiyo Nomkhosi alikuwa wapi?"

Lindani akatazama karatasi. "Nje ya simu."

"Nje ya simu, wapi?"

"Stoo."

"Akifanya nini?"

Lindani akaanza kupanga karatasi zake upya.

"Mbona umepoteza sauti, bosi? Pampu tumeisikia wote. Akifanya nini?"

"Akikamua maziwa."

"Akikamua maziwa!" Sakhile akasimama. "Mwenyekiti, mama anayenyonyesha ana nusu saa yake, mara mbili kwa siku, mpaka mtoto atimize miezi sita. Mtoto siku hiyo ana miezi mitano. Hizo alama za mashine haziwezi kugusa nusu saa hiyo. Hiyo si kazi, si simu, si mteja. Ni mwanamke na matiti yake stooni. Na hawa wamemrekodi!"

"Vipokea sauti vya kazi, na maikrofoni yake, vilikuwa shingoni mwake," akasema Lindani. "Yeye ndiye aliyeingia navyo."

"Kwa sababu ninyi mmekataza visiachwe mezani! Mtu akiviacha mnamwandikia barua!"

Bi Govender alikuwa amevua miwani. "Bwana Shange. Mashine hii inarekodi hata mtu akiwa hayuko kwenye simu?"

Lindani alikuwa ametaharuki, likamtoka lile jina letu la utani.

"Mwenyekiti, Mama Mkwe halali. Anasikia yote."

Mama akainua kichwa.

"Mimi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sikumsikiliza mtu. Mimi nilikuwa nyumbani na mtoto."

Siku nyingine ningecheka mpaka machozi yanitoke. Siku ile yalitoka bila kicheko.

"Si wewe, Mama," nikamwambia. "Ni mashine. Tumeipa jina hilo."

"Mmeipa jina langu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa sababu gani?"

Nikaanza kukunja pindo la nguo yangu. Sakhile naye akapata cha kutafuta ndani ya daftari.

Bi Govender akagonga meza kwa kidole. "Sikilizeni. Kama sauti hii si ya Bi Nomkhosi, hakuna rekodi ya kujadili, na kampuni haina la kujibu. Kama ni yake, kampuni ina jambo zito la kujibu kuhusu hiyo stoo, na si kwake tu. Mko wangapi kwenye simu?"

"Mia moja na themanini," akasema Sakhile. "Na wanaokamua ni sita."

"Lakini kama ni yake," akaendelea Bi Govender, "basi naye ana la kujibu kuhusu hiyo mila. Kwa hiyo nataka jibu moja tu. Bi Nomkhosi, sauti ni yako?"

Sakhile alinikanyaga mguu chini ya meza. Sijui alimaanisha nikubali au nikatae.

Kabla sijasema, kiti cha dirishani kikalia.

"Niulizeni mimi," akasema Mama. "Mimi bado ni shahidi."

Alikuwa amesimama. Mkoba ameubana kwapani.

"Mama, si lazima."

"Nilikuja kusema kweli. Sauti ni yake."

"Una hakika?"

"Naisikia ikimwimbia mjukuu wangu kila jioni. Ni yake."

"Na hayo aliyoyasema kuhusu…"

"Hayo ni ya nyumbani kwangu, mama yangu. Hayakuletwa hapa kuhukumiwa."

Bi Govender akainamisha macho. "Samahani," akasema, na nadhani alikuwa mtu pekee mle ndani aliyeomba samahani siku ile. Mimi niliyestahili sikuwa nimeomba.

"Mama," nikaanza.

"Nomkhosi."

Miaka mitano niko mle ndani, hajawahi kuniita hivyo. Tangu siku aliyonivika shuka mabegani mbele ya ukoo mimi nilikuwa MaNgubane. Hata nilipomchoma mkono kwa uji nilikuwa MaNgubane. Jina tupu, bila nyumba, ni la mtu wa barabarani.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi ni mjinga," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. "Nilimwinamia ili Mthunzi aikute nyumba imesimama. Nilidhani wewe umeelewa. Nilikupa blanketi ulikamue, nikadhani umeelewa."

"Nilielewa, Mama. Nilikuwa nimechoka."

"Sote tulichoka."

Akamgeukia Bi Govender.

"Andika, mama. Jina lile linamfunga mkamwana wa Zondi. Huyu nimemfungua. Si mkamwana wangu tena, na mzee wangu hana la kumdai. Alitaje akiwa stooni, alitaje akiwa barabarani, alitaje kwenye simu zenu. Hakuna kinachomzuia."

"Mama, na Asanda?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi.

"Asanda ni Zondi," akasema. "Yeye yuko kwao."

Akaanza kwenda mlangoni.

Nilihisi maziwa yakishuka. Ilikuwa imefika saa nne na robo, saa yake, na mwili haujui kesi. Nguo nyeusi ina heri moja, haionyeshi haraka.

Lindani, mwenye akili za biashara, ndiye aliyeamka kwanza.

"Mwenyekiti! Kesi imejimaliza!" Alikuwa akitabasamu, lakini jasho lilimtoka puani. Lile neno la stoo na watu mia moja na themanini lilikuwa limemwingia. "Kampuni haina chuki na Nomkhosi. Shahidi wake mwenyewe amesema hakuna tena kinachomzuia. Basi aitamke sentensi hapa, mara moja, tusikie. Mashtaka nayafuta sasa hivi. Kesho arudi mezani, alama zake zirudi mia, dakika zake zirudi. Na hilo la rekodi tulisahau wote, tusiumbuane."

"Hilo halisahauliki," akasema Sakhile. "Hilo nitalipeleka hata akifukuzwa."

"Bila yeye utalipeleka na nani? Wale watano wengine watakuja kusema?"

Sakhile akaangalia daftari lake. Alijua, nami nilijua. Wale watano wana watoto wa kulisha.

Bi Govender akavaa miwani yake. "Bi Nomkhosi, hulazimishwi. Lakini lazima nikueleze ulivyosimama. Umeshtakiwa kwa kukataa kutamka. Ukiitamka, hukatai tena, na kazi unayo. Usipoitamka, mila uliyojitetea nayo shahidi wako ameiondoa, na sina pa kukushikia. La stoo nitaliandika katika taarifa yangu, lakini taarifa haikurudishi kazini."

"Nipeni dakika moja."

"Chukua."

Dakika moja. Kwa mara ya kwanza mle ndani nilipewa dakika bila mashine kuihesabu.

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, amenipa mgongo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kitasa. Mlango ule ni mzito, kitasa chake ni cha kuzungusha, na ule mkono hauzungushi kitu. Nikataka kukimbia nimfungulie, kama ninavyomfungulia mitungi ya jamu na chupa za mafuta nyumbani.

Kisha nikaona. Mkoba ulikuwa katika kwapa lile lile la kushoto. Mkono wa kulia, mkono mzima, ulikuwa huru kabisa, unaning'inia ubavuni. Angetaka kutoka angekuwa ameshatoka.

Alikuwa akisikiliza.

Nikiyasema maneno yale matatu, nitakuwa nimelitamka mbele yake, kwa akili zangu, bila machozi wala stoo ya kusingizia. Nitakuwa nimekubali nilivyofunguliwa, na Inanda nitakwenda kama mgeni kumwomba binti yangu. Nisipoyasema, kesho sina meza, na sijui kama kimya changu kitanirudishia lile jina langu la ndoa, au amekwisha kulizika.

"Ni maneno matatu tu, Ndege," akasema Lindani. "Sema, twende tukanywe chai."

Sakhile ameshika kichwa. Bi Govender ameshika kalamu.

Mama hakugeuka. Lakini niliona ile kofia ya kanisa ikiinama taratibu, kama inavyoinama kila mara jina lile linapokaribia kutajwa.

Nikafungua kinywa.